Kitabu Kilichotekwa Kikakombolewa: Namna ya Kutazama Miswada ya Matenadaran

Kadi za maelezo kwenye makumbusho hupenda kutaja mwaka mmoja tu, ili mgeni apige hesabu ya kutoa, astaajabu kidogo, kisha apite. Kwa Injili ya Etchmiadzin mwaka huo ni 989. Ni kweli, lakini ni robo ya ukweli.

Kitabu hiki ni miongoni mwa hazina kuu za Matenadaran, makumbusho ya miswada ya kale iliyoko Yerevan, mji mkuu wa Armenia. Maneno yake ni Injili nne, zilizotafsiriwa kwa Kiarmenia katika karne ya 5. Mnakili aliyeziandika kwenye kurasa hizi za ngozi, Hovhannes, alifanya kazi yake mwaka 989 katika monasteri ya Bgheno-Noravank, nchi ya Siunik. Majalada yake, vibao vya pembe za ndovu vilivyochongwa kwa ufundi wa Bizanti (Dola ya Roma ya mashariki), ni ya karne ya 6. Na mwishoni zimeshonewa picha nne ambazo wataalamu huziweka mwishoni mwa karne ya 6 au mwanzoni mwa karne ya 7, yaani zilikuwa na umri wa karne tatu hivi siku Hovhannes alipochovya kalamu yake kwenye wino. Jalada ni babu, picha ni shangazi, kurasa ni mjukuu, na maneno yenyewe yana ukoo wa peke yake. Ukiulizwa kitabu hiki kina umri gani, jibu la haki ni kuuliza nawe: kipi ndani yake?

Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama mbele ya mswada wa kale. Tumezoea kitabu kilichopigwa chapa, nakala elfu zinazofanana, chenye mwaka wa toleo nyuma ya ukurasa wa kwanza. Mswada hauna pacha. Kila mmoja uliandikwa na mkono fulani, ukavaa jalada, ukachakaa, ukavishwa jingine, ukapoteza kurasa, ukaokota nyingine. Ni kama nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe: msingi una umri wake, mlango una wake, bati la juu liliezekwa juzi.

Jengo la Matenadaran lenyewe ni changa. Limesimama juu mwishoni mwa barabara ya Mashtots, la mawe ya basalti, kazi ya msanifu Mark Grigorian, lilikamilika mwaka 1957 na kufunguliwa mwaka 1959. Jina lake linatokana na neno la Kiarmenia la kitabu cha mkono na neno la mahali pa kuhifadhia. Ndani kuna miswada na vipande vya miswada vinavyofika 23,000 hivi. Mingi ni ya Kiarmenia, ila ipo pia ya Kiarabu, Kiajemi, Kisiria (lugha ya kale ya Wakristo wa Mashariki ya Kati), Kigiriki na hata ya Kigeez kutoka Ethiopia. Ni sehemu ndogo sana inayoonyeshwa kwa wakati mmoja, na vyumba huwa na mwanga hafifu. Mgeni asinung'unike. Mwanga hufifisha rangi, na ngozi hujikunja na kujinyoosha hewa inapobadilika unyevu. Tusiongeze neno hapo, maana yako mambo mazito zaidi.

Mbele ya jengo ameketi Mesrop Mashtots, wa mawe, na mwanafunzi wake Koriun amepiga goti chini yake. Mwaka 405 hivi, Mashtots aliwatungia Waarmenia alfabeti yao, herufi 36. Kabla ya hapo waliosoma walisoma kwa Kigiriki au Kisiria, na padri kanisani alikuwa akifasiri kwa mdomo kwa waumini wasioelewa. Koriun, aliyeandika habari za maisha ya mwalimu wake, anasema sentensi ya kwanza kuandikwa kwa herufi hizo ilitoka Kitabu cha Methali: kujua hekima na adabu, kutambua maneno ya ufahamu. Waandishi wetu wa pwani walifuata njia nyingine: waliazima herufi za Kiarabu, wakahangaika na sauti ambazo Kiarabu hakina, kama *p* na *ch*, hadi watu kama Mwalimu Sikujua wa Mombasa, katika karne ya 19, wakaongeza alama zao. Mashtots hakuazima. Alikata nguo mpya kwa kipimo cha mwili wenyewe, na hadi leo, ukiongeza herufi mbili za baadaye na moja ya kuunganisha, Kiarmenia kinaandikwa kwa hizo hizo.

Sasa turudi kwenye swali la umri, maana mswada usio na tarehe nao una njia zake za kujisema.

Ya kwanza ni sura ya herufi. Miswada ya mwanzo iliandikwa kwa herufi kubwa, nzito, zilizosimama wima, ambazo Waarmenia huziita maandishi ya chuma. Kuanzia karne ya 13 yalitawala maandishi madogo ya mviringo, yanayokwenda haraka na kula ngozi kidogo. Mgeni asiyejua hata herufi moja anaweza kutofautisha hayo mawili kwa macho, na kwa hilo pekee amekwisha kujua kama kitabu kilichofunguliwa mbele yake kinaelekea upande wa kabla au wa baada. Ya pili ni kitu kilichoandikiwa. Mswada wa Kiarmenia wa zamani kabisa ulioandikwa kwenye karatasi na wenye tarehe ni wa mwaka 981, na umo humu humu. Kwa muda mrefu baada ya hapo karatasi na ngozi viliishi pamoja, kwa hiyo karatasi peke yake haitoshi kuwa ushahidi. Lakini mtu akikuletea mswada wa karatasi akakuambia ni wa karne ya 7, mrudishie salama yake.

Kisha kuna tarehe iliyoandikwa, na hapa pana mtego. Ukikuta mswada wa Kiarmenia umeandikwa kwamba ulianzwa mwaka 649, usidhani ni wa karne ya 7. Waarmenia walikuwa na hesabu yao ya miaka iliyoanzia mwaka 552 wa Masihi. Ongeza 551, unapata 1200. Sisi mtego huo tunao nyumbani: Utendi wa Tambuka unataja mwaka 1141, nao ni wa Hijria, yaani 1728. Tena tarehe za Kiarmenia haziandikwi kwa tarakimu bali kwa herufi, kila herufi ikibeba thamani yake. Aliyewahi kuona walimu wetu wakipiga hesabu kwa abjadi hatashangaa hata kidogo.

Njia ninayoipenda mimi imefichwa ndani ya majalada. Wajalidi wa Kiarmenia walikuwa wakiweka ukurasa wa ngozi mwanzoni na mwishoni mwa kitabu ili kukinga kurasa zake na mbao za jalada. Ngozi mpya ilikuwa ghali. Wakachukua kurasa za vitabu vya zamani vilivyokwisha kuharibika. Sisi tuliosoma shule za msingi tukijalidi madaftari kwa magazeti tunaelewa: daftari la hesabu, na juu yake habari ya mechi ya mwaka juzi. Hivyo ndivyo baadhi ya vipande vya zamani kuliko vyote vya maandishi ya Kiarmenia vilivyofika hadi leo, vikiwa walinzi wa vitabu vichanga kuliko wao. Kitabu cha karne ya 15 kinaweza kuwa na ukurasa mmoja uliokipita umri kwa miaka mia tisa. Na upande wa ndani wa jalada mjalidi alibandika kitambaa, mara nyingine pamba iliyopigwa chapa ya maua kutoka India, India hiyo hiyo iliyokuwa ikileta vitambaa pwani yetu kwa majahazi.

Lakini ukurasa unaostahili kutafutwa kuliko wote ni wa mwisho.

Neno letu *tamati* lilikuja na waandishi. Kwa Kiarabu *tammat* ni "imekamilika", na ndivyo mnakili alivyofunga kazi yake. Watunzi wa tendi wa Lamu na Pate nao, wakifika mwisho, hutaja jina lao, mwaka, na kumwomba msomaji awaombee dua. Waarmenia walifanya hivyo hivyo, ila kwao jambo lilikua likawa fani kamili. Mnakili alitaja jina lake, wazazi wake, mwalimu wake, aliyegharimia ngozi, mfalme aliyetawala, katolikosi aliyekuwa mkuu wa Kanisa. Akaomba radhi kwa mwandiko mbaya; akaeleza baridi, uzee wa macho, vita vilivyokuwa vikipiganwa ng'ambo ya mlima. Mchoraji mkubwa Toros Roslin, katika Injili aliyoimaliza mwaka 1268, ameandika kuhusu kutekwa kwa Antiokia na jeshi la Misri mwaka huo huo. Wanahistoria wanaofuatilia uvamizi wa Waseljuki (Waturuki wa zama hizo), Wamongolia na mshindi Timur hurudi tena na tena kwenye kurasa hizi za mwisho, kwa sababu zimeandikwa na mtu aliyekuwapo, asiyejua kesho yake.

Kwa Kiarmenia maandishi hayo huitwa *hishatakaran*. Litenge neno: *hishatak* ni kumbukumbu, na kiambishi cha mwisho ni cha mahali. Mahali pa kukumbushia. Kiswahili tayari kina neno lenye umbo la maana hiyo hiyo, ila tumelipa kazi ya jengo: makumbusho. Kwa hiyo kila mswada wa Kiarmenia ulikuwa na makumbusho yake mwishoni, karne nyingi kabla ya mtu yeyote kufikiria kuutia kwenye sanduku la kioo na kutoza kiingilio.

Na haikuishia kwa mnakili wa kwanza. Kila aliyekinunua kitabu, aliyekirudishia jalada, aliyekipeleka kanisa fulani kwa ajili ya roho ya mama yake, aliongeza mistari yake. Wengi wameandika jambo moja ambalo msomaji wa leo hulipita kama lugha ya ushairi: kwamba kitabu kilichukuliwa *mateka*, na yeye *akakikomboa*. Ndiyo maneno yanayotumika kwa mtu. Majeshi yaliyopita yalijua kwamba mtu wa Kanisa atalipa fedha kwa ajili ya Injili kama anavyolipa kwa ajili ya ndugu yake, kwa hiyo vitabu vilibebwa pamoja na wafungwa na kuuzwa kwa wenyewe. Aliyekomboa aliandika jina lake na kiasi alichotoa, ukombozi ukawa sehemu ya kitabu.

Mfano mkubwa kuliko yote ni kitabu cha mahubiri cha Mush. Hakikosekani kuonekana kwa sababu hakuna mswada wa Kiarmenia unaokizidi ukubwa: kilo 28 hivi, kurasa zenye urefu wa sentimita 70 na upana wa zaidi ya 55. Kila karatasi ya ngozi, kwa hesabu inayotajwa siku zote, ni ndama mmoja, na karatasi hizo ni mamia. Kwa kawaida huwekwa karibu na mswada mdogo kuliko yote, kalenda ya mwaka 1434 yenye uzito wa gramu 19, na wageni hupiga picha ya tofauti hiyo. Sioni ubaya, ingawa tofauti hiyo ndiyo jambo dogo kuliko yote ya kuona pale.

Kitabu hicho kiliandikwa kati ya mwaka 1200 na 1202 katika monasteri karibu na Yerznka, mji ambao leo ni Erzincan, Uturuki. Tajiri aliyekiagiza, Astvatsatur, aliuawa, mali yake ikatwaliwa, na kitabu kikaangukia mikononi mwa kadhi mmoja wa upande wa Waseljuki. Akataka fidia. Watawa wakazunguka vijijini wakichangisha hadi zikatimia sarafu 4,000 za fedha, kitabu kikakombolewa na kuwekwa katika Monasteri ya Mitume Watakatifu huko Mush. Kilikaa hapo miaka mia saba.

Mwaka 1915, wakati wa mauaji ya kimbari ya Waarmenia katika Dola ya Osmani, monasteri iliharibiwa. Simulizi inayotolewa Yerevan ni kwamba wanawake wawili waliokuwa wakikimbia walikikuta kwenye magofu. Mtu mmoja hawezi kukibeba kitu cha kilo 28 kwa miguu, milimani, huku akikimbiza roho yake. Wakakigawa mara mbili. Nusu moja ilifika Etchmiadzin, makao ya Kanisa la Armenia. Nusu ya pili ilizikwa karibu na Erzurum, ikafukuliwa baadaye na ofisa mmoja wa jeshi na kupitia Tbilisi hadi ikakutana na mwenzake. Kurasa chache ziko Venice mpaka sasa. Wapo watakaouliza kama kila kipande cha simulizi hiyo kimethibitishwa. Swali ni halali. Lakini kwamba kitabu kilifika kikiwa vipande viwili, hilo halina ubishi.

Hata Etchmiadzin hapakuwa salama. Mwaka huo huo wa 1915 miswada ya huko ilipakiwa ikapelekwa Moscow kwa hofu ya mstari wa vita. Iliporudi mwaka 1922 ilihesabiwa 4,060. Wakati huo ilikuwa imekwisha kutaifishwa na serikali ya Kisovieti, na mwaka 1939 ikahamishiwa Yerevan.

Kuna watu husema: sawa, lakini haya ni mambo ya Waarmenia na dini yao, yananihusu nini? Jibu liko kwenye vitabu vilivyomo humu ambavyo si vya Waarmenia hata kidogo.

Baada ya kupata alfabeti, kizazi cha Mashtots na waliofuata walitafsiri kwa kasi ya ajabu, hasa kutoka Kigiriki na Kisiria. Kisha huko kwingine asili zikapotea: zilichomwa, zilioza, au hazikunakiliwa tena. Historia ya miaka ya ulimwengu iliyotungwa na Eusebius, askofu wa Kaisaria, haipo tena kwa Kigiriki isipokuwa vipande. Aitakaye yote huisoma kwa Kiarmenia. Mwaka 1904, katika kanisa moja la Yerevan, ilipatikana nakala ya kazi ya Irenaeus, askofu wa karne ya 2, ambayo dunia ilikuwa ikiijua kwa jina tu. Neno "tafsiri" tumelizoea kama kitu cha daraja la pili, kivuli cha asili. Hapa kivuli kimebaki na mwenye kivuli ametoweka.

La ajabu zaidi ni kisa cha alfabeti iliyopotea. Vitabu vya kale vilikuwa vimesema kwamba Mashtots alihusika pia na kuwatungia herufi majirani zake, Waalbania wa Kaukazi. Hawa si Waalbania wa Ulaya. Nchi yao ilikuwa sehemu ambayo leo kwa kiasi kikubwa ni Azerbaijan. Hakuna aliyekuwa amewahi kuziona herufi hizo kwenye orodha kamili. Mwaka 1937 msomi wa Kijojia Ilia Abuladze alikuwa akipekua mswada wa Kiarmenia wa karne ya 15, aina ya kitabu cha mafunzo, akakuta kurasa zenye alfabeti za mataifa mbalimbali zimepangwa kama kwenye ubao wa darasani: Kigiriki, Kisiria, Kilatini, Kijojia, Kikopti, na katikati yake ile iliyopotea. Mswada huo leo uko Matenadaran.

Alfabeti bila maandishi ni ufunguo bila mlango. Mlango ulipatikana mbali sana. Katika Monasteri ya Mtakatifu Katarina, Sinai, moto wa mwaka 1975 ulifichua chumba chenye miswada iliyosahauliwa. Baadhi yake ilikuwa ngozi iliyotumika mara mbili: mnakili aliyekosa ngozi mpya alikwangua maandishi ya zamani akaandika Kijojia juu yake. Wino haufi wote kwa kukwanguliwa. Katika miaka ya 1990 Zaza Aleksidze aliutambua chini ya Kijojia mwandiko ule wa kwenye orodha ya mwaka 1937, na picha zilizopigwa kwa mwanga wa aina mbalimbali zikaufanya usomeke. Ni masomo ya Biblia ya kusomwa kanisani, na lugha yake ni mama wa Kiudi, kinachosemwa hadi leo na watu wachache wa Azerbaijan na kwingine. Mtu mmoja aliyefundisha alfabeti ambazo pengine hakuzijua vizuri, na mwingine aliyekwangua kitabu ili apate pa kuandika. Hakuna kati yao aliyekusudia kuokoa chochote.

Ukiwa Matenadaran uliza pia kuhusu kitabu ambacho hakijatimia. Mwaka 1256 Toros Roslin aliinakshi Injili kwa ajili ya Katolikosi Constantine, huko Hromkla kando ya mto Frati. Baadaye ikawa ya mji wa Zeytun, milimani Kilikia (leo kusini mwa Uturuki), na huitwa kwa jina hilo. Katika vurugu za miaka ya mauaji ya kimbari zilitolewa ndani yake kurasa nane za mwanzo, zenye majedwali ya Injili yaliyozungushiwa matao na ndege wa rangi. Kitabu kikaishia Yerevan. Kurasa nane zikaishia Marekani, na mwaka 1994 zilinunuliwa na Makumbusho ya J. Paul Getty, Los Angeles. Mwaka 2010 Kanisa la Armenia la huko lilifungua kesi. Mwaka 2015 pande mbili zilikubaliana nje ya mahakama: makumbusho yalikiri kwamba kurasa ni mali ya Kanisa, na Kanisa likaziacha hapo kama zawadi yake.

Zamani angetafutwa mtu mwenye mwandiko mzuri aliandike jambo hilo kwenye ukurasa wa mwisho: nani alichukua, nani alidai, walipatanaje, kurasa ngapi ziko nchi gani. Mwaka angeuandika kwa herufi, nazo ukizihesabu zingekupa 1464.